Nahodha Mmoja, Washauri Wengi



Wasomaji wetu watukufu, wahenga wetu wa pwani wametuachia methali mbili ambazo mtu akizitazama juu juu huona kuwa zagombana. Ya kwanza yasema: “Penye wengi hapaharibiki neno.” Ya pili yasema: “Nahodha wengi, chombo huenda mrama.” Mwenye nyumba asiyependa kuambiwa neno huishika hii ya pili kwa mikono miwili, na ile ya kwanza huwaachia watu wa matangani na wa harusini. Mkewe akifungua kinywa, huambiwa kuwa chombo hiki kina nahodha mmoja. Mwanawe akitoa rai, huambiwa amekosa adabu.

Mwezi huu twataka kuzipatanisha methali hizi mbili. Na kisa tutakachokitumia si cha jahazi, bali ni cha ndege mbili za abiria za Marekani. Kwani chombo cha angani nacho kina nahodha wake, mabaharia wake na abiria wake, na kikiharibika huko juu hapana pa kutia nanga.

Ndege ya kwanza ilikuwa ya shirika la United Airlines, namna ya DC-8. Jioni ya tarehe 28 Disemba, 1978, ilikuwa yaukaribia mji wa Portland, katika jimbo la Oregon, nayo imechukua watu 189. Magurudumu ya kushukia yalipoteremshwa, pakasikika kishindo kikubwa, na taa ya kuonyesha kuwa magurudumu yote yamekaza haikuwaka. Nahodha alikuwa mtu wa miaka mingi katika kazi yake. Akaona si vyema kushuka kwa pupa, akaamua kuzunguka huku akilichunguza kosa, na huku watumishi wa ndege wakiwatayarisha abiria. Uamuzi huo ulikuwa mwema. Lakini ndege haisimami angani kama gari lisimamavyo kando ya njia. Kila dakika ipitayo inakunywa mafuta.

Walizunguka kadiri ya saa nzima. Msaidizi wa rubani na fundi wa mitambo waliiona mishale ya mafuta ikiteremka. Walisema, lakini walisema kwa upole uliopita kiasi, kama mtoto amwambiaye babake jambo huku ameshika mlango tayari kukimbia. Nahodha moyo wake wote ulikuwa kwenye magurudumu. Aliisikia sauti asiipate maana. Hatimaye injini zikazimika moja baada ya moja, na ndege ikaanguka kwenye miti na nyumba, kadiri ya kilomita 10 kabla ya kufika kiwanjani. Watu 10 walikufa, na mmoja wao ni yule fundi wa mitambo aliyekuwa akiyahesabu mafuta.

Wachunguzi walipofanya kazi yao walikuta kuwa magurudumu yalikuwa yameshuka. Kilichoiponza taa ni swichi ndogo iliyovunjika. Ndege ile haikuuawa na magurudumu. Iliuawa kwa sababu khabari iliyokuwamo ndani ya chumba kimoja, baina ya watu watatu walioketi bega kwa bega, haikufika kwa mwenye kuamua. Na wachunguzi hawakumtupia lawama zote nahodha. Walisema yeye hakuangalia mafuta wala hakuyajali maneno ya wenziwe, na wale wawili nao hawakuilewa khatari vya kutosha, au hawakuisema kwa namna ya kusikiwa.

Baada ya msiba huo, wakuu wa mashirika ya ndege na wataalamu walikaa wakalitafakari jambo hili. Zamani neno la nahodha lilikuwa ndilo la mwisho, na pengine ndilo la kwanza na la pekee. Tangu mwaka 1981 shirika hilo likaanza kuwasomesha marubani wake somo jipya: nahodha afundishwe kuuliza na kusikiliza, na walio chini yake wafundishwe kusema waziwazi. Wako waliolicheka somo hilo, wakaona ni kumvunjia nahodha heshima yake. Lakini haikupita miaka kumi likaja kujaribiwa kwa moto.

Tarehe 19 Julai, 1989, ndege nyingine ya shirika lilo hilo, namna ya DC-10, iliruka kutoka Denver kwenda Chicago. Ndani yake mlikuwa na watu 296. Nahodha alikuwa Al Haynes, mtu wa miaka 57. Msaidizi wake William Records. Na fundi wa mitambo Dudley Dvorak. Ndege ya namna hiyo ina injini tatu: mbili chini ya mbawa, na moja mkiani. Ilipofika saa tisa na dakika 16 alasiri, wakiwa juu kadiri ya kilomita 11, pakalia mshindo mkubwa. Injini ya mkiani ilikuwa imepasuka. Sahani kubwa ya chuma cha titani iliyokuwa ikizunguka ndani yake ilikuwa na ila ndogo tangu siku ya kutengenezwa. Kutoka ila hiyo ukazaliwa ufa, na ufa ukakua mwaka baada ya mwaka bila ya wakaguzi kuuona.

Injini moja ikizimika si msiba mkubwa, kwani ndege huweza kwenda kwa zilizobaki. Lakini vipande vya sahani hiyo vilitoboa mkia. Na hapa hatuna budi kueleza. Ndege kubwa haigeuzwi kwa nguvu za mkono wa mtu. Rubani akiuzungusha usukani, ni mafuta yaliyobanwa ndani ya mabomba membamba ndiyo yanayosukuma vipande vya mbawa na vya mkia, na kwa hivyo ndivyo ndege inavyopinda, kupanda na kushuka. Kwa kujihadhari, mafundi walikuwa wameiwekea ndege hiyo mitambo mitatu ya mafuta, kila mmoja umejitegemea, ili ukiharibika mmoja ibaki miwili. Lakini mabomba ya yote mitatu yalipita karibu karibu huko mkiani, na vipande vya chuma vikayakata. Mafuta yote yakamwagika.

Records aliuzungusha usukani mpaka mwisho upande wa kushoto, na ndege ikaendelea kulala upande wa kulia. Walitazama katika vitabu vya maelekezo. Hapakuwa na ukurasa wa jambo hilo, kwani waliounda ndege waliona kuwa haliwezi kutukia. Dvorak akawaita mafundi wa shirika waliokuwa San Francisco kwa simu ya upepo; wakawa wanauliza tena na tena kama kweli mitambo yote mitatu imekufa, wala hawakuwa na dawa. Haynes akajaribu jambo: akapunguza nguvu za injini ya kushoto, akaongeza za injini ya kulia. Ubawa uliolala ukainuka polepole. Basi hicho ndicho kilichobakia mikononi mwao, injini mbili na mashauri ya watu.

Miongoni mwa abiria alikuwamo mtu aitwaye Dennis Fitch. Naye alikuwa rubani, na kazi yake khasa ilikuwa kuwasomesha marubani ndege ya namna ile ile, lakini siku hiyo alikuwa amepanda kama abiria. Alimwambia mtumishi wa ndege ampelekee nahodha khabari kuwa yuko tayari kusaidia. Wasomaji wetu, simameni hapa kidogo. Nahodha huyu alikuwa na miaka mingi angani. Angaliweza kusema, “Mwambieni akae kitini pake.” Wako wenye vyeo, majumbani na maofisini, ambao wangalikufa na neno hilo kinywani. Haynes akamwita saa ile ile.

Fitch akatumwa kwenda kuchungulia mbawa kupitia madirishani, akarudi na jibu kuwa hapana kinachotikisika. Kisha akapewa kazi. Alipiga magoti sakafuni baina ya marubani wawili, akashika kipini cha injini moja kwa mkono huu na cha injini ya pili kwa mkono huu, na kwa kadiri ya nusu saa akawa ndiye ausukumaye na kuuvuta uhai wa watu 296. Haynes na Records walimwambia lini aongeze na lini apunguze. Dvorak aliangalia mitambo iliyobaki na kuzungumza na mafundi. Kila mtu alikuwa na kazi yake, na kila mtu alikuwa na ulimi wake.

Lakini hakuna aliyemsahau nahodha ni nani. Ni Haynes aliyeamua waelekee kiwanja cha Sioux City, katika jimbo la Iowa. Ni yeye aliyempa khabari ya kweli mkuu wa watumishi wa ndege, na ni yeye aliyewaambia abiria, bila ya kuwaficha, kuwa mtuo huo utakuwa mgumu. Na katika dhiki hiyo alipata hata neno la mzaha na mtu wa mnara wa kiwanja, aliyemwambia yu huru kushuka njia yoyote aitakayo.

Saa kumi kamili walifika. Walikuwa wamekusudia njia ndefu ya kiwanja. Ndege ikawaelekeza kwenye njia fupi iliyokuwa imefungwa, na magari ya zimamoto yaliyosimama juu yake yakakimbizwa kando. Ndege nyingine kama hiyo hutua kwa mwendo wa kadiri ya kilomita 260 kwa saa. Hii ilikuja kwa kadiri ya 400. Ubawa wa kulia ukagusa ardhi kwanza. Ndege ikavunjika vipande vipande, ikawaka moto, na kipande kikubwa kikaishia katika shamba la mahindi. Chumba cha marubani kilibonyea hata waokoaji wakapita kando yake zaidi ya nusu saa wakidhani ni chuma kitupu. Ndani yake mlikuwa na watu wanne hai.

Walikufa watu 112. Walipona 184. Marubani wengine waliojaribu baadaye kuirudia safari ile katika mtambo wa mazoezi, hawakuweza kuitua ndege kwa salama. Na mji ule nao ulikuwa umejitayarisha: mwaka 1987 ulifanya mazoezi ya kupokea ajali ya ndege kubwa, na siku ya ajali hospitali zilikuwa katika saa za kubadilishana zamu, kwa hiyo waganga wa zamu mbili walikuwapo pamoja. Sisi twaamini kuwa aliyezipanga saa hizo ni Mwenyezi Mungu. Lakini mazoezi waliyafanya watu.

Haynes aliishi mpaka mwaka 2019, na hakupenda kuitwa shujaa. Alikuwa akizunguka kuwaeleza watu kisa hiki, na alisema kuwa katika chumba chao mlikuwa na uzoefu wa kuruka wa miaka 103 ukijumlisha wa wote wanne, lakini hapakuwa na dakika moja ya uzoefu wa msiba kama ule. Basi kwa nini yeye adhani kuwa anajua kuliko wenziwe? Alikiri pia kuwa lau si somo lile la kushauriana, wasingalifika.

Ndugu zetu, watu hawa si wa dini yetu, lakini hekima haina kabila. Muumini huiokota popote aionapo. Na hii si ngeni kwetu. Katika Sura ya Aal Imran, aya ya 159, Mwenyezi Mungu amemuamrisha Mtume wake (S.A.W.) ashauriane na masahaba katika mambo, kisha akishaazimia, amtegemee Mola wake. Angalieni mpango wake: shauri kwanza, azma ya pili, tawakkul ya tatu. Wengi wetu huanza na ya tatu ili tuepukane na ya kwanza. Na katika Sura iitwayo kwa jina hilo hilo la Shura, aya ya 38, kushauriana kumetajwa pamoja na Sala na kutoa, katika sifa za Waumini.

Na Mtume (S.A.W.), ambaye wahyi ulikuwa ukimshukia, ndiye aliyekuwa na udhuru mkubwa kuliko watu wote wa kutouliza. Walakini aliuliza. Wanachuoni wa Sira wanasimulia kuwa katika vita vya Badr, mwaka wa 2 wa Hijra, sahaba Al-Hubab bin Al-Mundhir (R.A.) alimwuliza kama mahali pale pa kupiga kambi amepachagua kwa amri ya Mwenyezi Mungu, au ni rai na mbinu za vita. Alipojibiwa kuwa ni rai, akatoa shauri la kusogea kwenye visima. Na jeshi likasogea. Tazameni adabu ya mtu huyu, na tazameni uwazi wake. Hakunong'ona, wala hakufumba.

Na mwaka wa 6, katika siku ya Hudaybiya, Waislamu walikuwa na huzuni kubwa kwa kuzuiliwa wasiingie Makka. Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha wachinje wanyama wao na wanyoe, na hakuna aliyeinuka. Aliingia hemani kwa mkewe Ummu Salama (R.A.), akamweleza. Bibi huyo akampa shauri atoke, asiseme na mtu, achinje na anyolewe. Alipofanya hivyo, watu wote waliinuka wakamfuata. Jambo la umma mzima, katika saa nzito kama hiyo, lilifunguka kwa shauri la mke ndani ya hema. Basi ni nani katika sisi aliye mkubwa hata asimwulize mkewe?

Huenda msomaji akasema: “Lakini watu 112 walikufa, na shauri lilifanywa.” Ni kweli. Shauri si hirizi. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3, Mtume (S.A.W.) alishauriana na masahaba kama watoke mji au wakae, akafuata rai ya waliotaka kutoka; na siku hiyo Waislamu wakapoteza mashahidi 70. Na amri ile ya kushauriana iliyomo katika Aal Imran ilishuka baada ya siku hiyo nzito, si kabla yake. Basi mambo yakienda kombo si hoja ya kuacha kushauriana. Sisi tumeamrishwa kuishika sababu. Matokeo si yetu.

Na tusije tukawa kama wahubiri wanaoonyesha vumbi la nyumba za wenzao. Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo tunachosomesha, mtoto wa miaka tisa aliinua mkono katikati ya kusoma akasema, “Maalim, boriti yalia.” Sisi tulikuwa na watoto wengi wa kusikiliza, na tuliona anatafuta kisa cha kuacha kusoma. Tukamwambia anyamaze na aangalie juzuu yake. Akanyamaza. Kesho yake, baada ya watoto kwenda zao, boriti ilikatika, na mawe na chokaa yakaanguka pale pale wanapoketi wadogo wa alifu na bee. Hakuumia mtu, na sifa zote ni za Mwenyezi Mungu. Tulipomwuliza kwa nini hakusema mara ya pili, alitujibu bila ya kinyongo: “Maalim, uliniambia ninyamaze.” Tangu siku hiyo, kila tusikiapo mtoto akisifiwa kwa ukimya wake, tunaitazama dari.

Basi, wenye nyumba, tuchukue mambo manne katika kisa hiki.

Kwanza, aliye mkubwa aulize kabla ya kuamua. Asingoje kuambiwa, kwani aliye chini huona vigumu kuanza. Kabla ya kukopa, kabla ya kuhama, kabla ya kumtoa mtoto chuoni, na khasa mtoto anapougua. Mama aliyekesha naye ndiye atazamaye mshale wa mafuta. Akisema kuwa mtoto tangu jana hakupitisha maji kooni, neno hilo lisingoje mpaka asubuhi. Na binti anapoposwa, dini yetu imetuamrisha tumtake idhini. Imekubali ukimya wake uwe ridhaa, lakini mzazi mwenye macho hujua kuwa ukimya wa haya si ukimya wa khofu.

Pili, aliye mdogo aseme kwa adabu, lakini aseme waziwazi. Na asiposikiwa, arudie. Kumwambia baba, “Sijui, labda, ukipenda,” ilhali nyumba yaungua, si heshima. Mke mwema, mwana mwema na mwanafunzi mwema ni yule atujuzaye tusichokiona.

Tatu, shauri likishapita, nahodha awe mmoja. Hapa ndipo methali ya pili inapopata mahali pake. Manahodha wengi ndio waupelekao mrama, si washauri wengi. Kule Uhud kambi iliingiwa kwa sababu wapiga mishale wengi waliacha mahali walipoamrishwa kusimama. Fitch alishika vipini kwa mikono yake miwili, wala hakujifanya nahodha. Uamuzi ukishatolewa, asibaki mtu jikoni akiupinga kwa minong'ono.

Nne, jambo likiharibika, tusitafute wa kumlaumu kwa rai aliyoitoa kwa nia njema. Anayelaumiwa leo kwa shauri lake, kesho ataiona boriti yalia naye atanyamaza.

Methali zetu mbili, basi, hazigombani. Moja yasema khabari ya masikio ya nahodha, na nyingine yasema khabari ya mkono ulioko kwenye usukani. Masikio yawe wazi kwa wote, na mkono uwe mmoja. Usiku wa leo, baada ya Sala ya Isha, mwenye nyumba na akae na watu wake awaulize: “Mnaona nini ambacho mimi sikioni?” Kisha anyamaze, asikilize mpaka mwisho.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu ziwe nyumba za shauri na huruma, awarehemu marehemu wetu, na awahifadhi wasafiri wa nchi kavu, wa baharini na wa angani. Amin.

Wabillahi tawfiq.